Sindano za Ijumaa

SEHEMU YA TISA

Mlango nimeshaupiga teke.

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mnajua mliniacha wapi: nje ya chumba cha binti yangu Mbuke, Ijumaa saa saba mchana, panga mkononi, nasikia sauti ya mwanaume ndani. Sauti nzito. Mwanaume anasema, "Usimwambie baba."

Mlango ukalala chini pamoja na bawaba zake. Nikaingia nimeinua panga.

Hakuna mwanaume.

Alikuwepo Mbuke peke yake, amekaa kitandani, simu sikioni. Mkono wa pili ameshika wembe. Kidevu chake kimejaa povu la sabuni ya kufulia.

"Yuko wapi?" nikapiga kelele.

Nikainama chini ya kitanda, nikakuta ndoo na viatu vyake vya mpira. Nikavuta pazia, nondo za dirisha zipo zote. Pembeni kulikuwa na gunia la mpunga limesimama kama mtu aliyejibanza. Nikalichoma panga. Mpunga ukamwagika mpaka miguuni kwangu.

"Mbuke! Huyo mwanaume yuko wapi?"

Binti yangu akaweka simu chini. Akafungua mdomo.

"Baba," akasema, "hakuna mwanaume. Ni mimi."

Sauti ilikuwa ileile.

Panga likanitoka mkononi lenyewe.

Kumbe ndiyo maana wiki tatu haongei! Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Nikimwuliza jambo ananong'ona kwamba ana mafua, nami mjinga namchemshia majani ya mkaratusi. Mama yake angekuwepo angejua siku ya kwanza. Lakini Mariana wangu nilimzika mwaka juzi. Alikufa ndani ya zahanati yenye kibao kipya ukutani, kina jina la mkubwa aliyekuja kukata utepe, na mtungi wa oksijeni ndani mtupu. Waliokata utepe wanapumua mpaka leo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na shangazi. Yuko njiani anakuja."

Dada yangu Agnetha alifika na bodaboda kabla sijamaliza kuzoa mpunga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Na hilo panga? Siku hizi mnavuna mpunga vyumbani?"

Akanisukuma nje. Mlango haupo, akatundika kanga, akaniambia nikae mbali. Nikakaa karibu. Kanga haizuii sauti.

"Siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"

Nikasikia kitanda kikilia.

"Mbuke, mimi ndiye mama yako sasa. Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Huu ni mwezi wa kumi!"

Agnetha akatoka ameshika kiuno. "Stanslaus, mwanao ana mimba."

"Mimba ya ndevu?"

Akafikiri. Dada yangu ni mkali lakini si mwongo. "Mimi nimezaa saba," akasema taratibu, "hakuna hata mmoja aliyeniotesha ndevu."

Mbuke akainua kanga akatoka. Kidevu amekifuta, kimebaki chekundu. Ana miaka kumi na saba. Nilimpa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tukiwa wawili namwita mayu, yaani mama. Siku ile neno hilo liligoma kutoka.

"Si mimba, shangazi. Mimi sijalala na mtu. Labda zile vitamini."

"Vitamini gani? Nani anakupa?"

Mbuke hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi.

"Anazonichoma baba."

Wasomaji wangu, msinihukumu kabla hamjanisikia. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimetoka vijiji vya Shinyanga na ng'ombe wa baba yangu, nikahamia Katoro watu walipoanza kukimbilia dhahabu. Dhahabu sikuipata. Nilichonacho ni mkono. Siku ya mnada wafugaji wananitafuta niwachomee ng'ombe, kwa sababu nikichoma mimi ng'ombe hageuki hata kichwa.

Mwezi wa nne kocha Edson akaja nyumbani. Huyu ndiye kocha wa timu ya mabinti, Malkia wa Katoro, ambayo Mbuke anaichezea mbele. Akaja na chupa na mabomba mapya ya sindano.

"Vitamini za kuongeza damu," alisema. "Zahanati foleni inaanza usiku. Na wewe mkono wako unajulikana, daktari."

Daktari! Tangu nizaliwe mtu aliyevaa saa hajawahi kuniita hivyo. Hata ninyi mliosoma, mngekuwa mimi, mngechoma.

Nikachoma kila Ijumaa. Mbuke akajaa mapaja, akajaa mabega. Mechi sita, mabao kumi na moja. Wapinzani wakasema ana dawa. Nikacheka, maana sisi Wasukuma dawa haitutishi. Mcheza ngoma akivuta watu wote upande wake tunajua kuna mganga kapika, na hakuna anayemwita mwizi. Aliyeshindwa ndiye anaambiwa akatafute mganga wake. Basi nikaona waache waseme.

Kumbe walikuwa wanasema kweli.

Nikachukua chupa tupu moja. Chupa situpi ovyo, watoto wanakata miguu. Nikapanda bodaboda mpaka kwa Mwamvua, mama mwenye duka la dawa za mifugo karibu na stendi.

"Karibu, Baba Mbuke. Leo ng'ombe gani anaumwa?"

"Hakuna ng'ombe. Niambie hii ni nini."

Akaishika, akaiinamisha, akatazama mafuta yaliyobaki yanavyotembea polepole kwenye kioo. Lebo Edson aliibandua, lakini kipande kilikuwa kimegoma kutoka. Mwamvua akakisugua kwa kidole.

"Umeona hii picha? Masikio mawili, shingo ndefu."

"Niliiona. Punda."

"Ukaona punda, ukachoma tu?"

"Nilidhani ni chapa ya kiwanda. Kiberiti nacho kinachorwa mnyama, ndani ni njiti."

Hakucheka. "Huyu si punda. Huyu ni farasi. Baba Mbuke, hapa Katoro nani ana farasi?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana mimi siiuzi. Jamaa mmoja aliniletea katoni nzima kutoka nje huko, nikamfukuza na fagio. Hii ni homoni ya dume, inamjaza mnyama nyama. Wewe umempa mnyama gani?"

Nikatazama mabomba ya kupulizia pamba yaliyotundikwa ukutani. Nikatazama barabarani.

"Baba Mbuke. Umempa mnyama gani?"

"Mbuke," nikasema.

Mwamvua akakaa juu ya gunia la pumba. Mteja mmoja aliingia akitaka dawa ya kuku, akamfukuza.

"Mpeleke hospitali leo," akasema. "Wamwangalie ini. Akiacha, siku zake huenda zikarudi. Sauti sijui, mimi ni daktari wa kuku. Lakini watakuuliza ni dawa gani, tangu lini, kiasi gani. Ujue vizuri kabla hujaenda."

"Nitajua."

"Na watauliza nani alichoma." Akapunguza sauti. "Kumchoma mtoto dawa ya mnyama ni kesi. Mama yake yuko kaburini. Wewe ukifungwa, Mbuke anabaki na nani?"

Nikarudi nyumbani mbio, nikamkuta Mbuke anafunga kamba za viatu, Agnetha amesimama mbele yake kama polisi.

"Vaa, tunakwenda hospitali."

"Siendi."

"Hiyo ni dawa ya farasi, Mbuke! Ya farasi!"

Nilitegemea alie. Akavuta kamba, akafunga fundo la pili.

"Kesho wanakuja watu wa timu ya Dar kuniona. Nikienda hospitali wataandika kwenye cheti. Wakiandika, nimekwisha."

"Na sauti yako?"

"Mpira hauchezwi kwa sauti, baba."

"Mwili wako je? Hutaki kuzaa?"

"Kuzaa ili nizalie wapi? Kwenye zahanati ile aliyofia mama?"

Agnetha akajishika mdomo. Alichosema mtoto ni kile ninachokisema mimi kila siku mbele ya redio, sasa kimenirudia usoni kwa sauti ya mwanaume.

"Dada, mkalie huyu. Asitoke," nikasema. Nikatoka nikamwambia yule wa bodaboda: "Geita. Usishike breki."

Geita mjini ndiko iliko ofisi ya Ligi ya Mabinti ya Ukanda wa Dhahabu. Nilitaka jambo moja tu. Katibu amwite Edson, amlazimishe kutaja jina la ile dawa, niandikiwe barua, nimkimbize mwanangu hospitali kwa barua ya wakubwa, wasianze kunihoji mimi kama mhalifu. Nilidhani wakubwa hata kwa bahati mbaya huwa wanafanya kazi.

Niliingia saa kumi kasoro. Nikapiga hodi, nikafungua.

Katibu Eliya alikuwa nyuma ya meza, tai shingoni, feni inamgeukia. Kwenye kiti cha wageni, soda mkononi, miguu ameinyoosha, alikuwepo kocha Edson.

"Karibu, daktari," Edson akasema.

Kumbe simu zilinitangulia. Yule mteja wa dawa ya kuku alikuwa na masikio, akampigia Edson.

"Mzee Stanslaus," akasema Katibu, hakuniambia nikae. "Nimesikia habari ya kusikitisha. Umekuwa ukimchoma binti yako dawa za ng'ombe."

"Za farasi. Na aliyeleta ni huyu!"

"Mimi?" Edson akacheka. "Una risiti? Una shahidi? Lebo ina jina langu? Mimi niliwashauri wazazi wawape watoto vitamini. Mfugaji kachukua alichonacho zizini."

"Sina farasi zizini!"

"Hilo utamweleza hakimu."

Katibu akavuta karatasi nyeupe, akafungua kalamu. Alionekana mtu mwenye furaha. Kesho wageni wa Dar wanakuja, na yeye hapa amepata mtu wa kutupiwa takataka zote, mtu wa darasa la nne, mgane asiye na mkubwa hata wa kijiji wa kumsemea.

"Tuandike maelezo yako. Ukikubali kosa, mtoto tutamsaidia apelekwe hospitali kimyakimya. Ukikataa, napiga simu polisi sasa hivi, na mtoto abaki huko na ndevu zake. Chagua."

Nitawaambia ukweli, nilichagua haraka. Mariana nilimpoteza nikiwa nabishana na mtu wa mapokezi. Nikasema sitabishana tena na mtu mwenye kalamu wakati mtu wangu anaumwa.

"Andika," nikasema. "Nimechoma mimi."

"Kiasi gani?"

Hapo Edson akadakia. "Hapo ndipo pazuri, Katibu. Mzazi makini angempa mililita moja tu kwa wiki. Mwulize yeye alimpa ngapi."

"Ngapi?" akauliza Katibu.

"Tano," nikasema.

Feni ikazunguka. Hata Edson akaacha soda. "Tano?" akasema. "We mzee, tano? Nilikwambia moja!"

"Sasa umekiri kwamba uliniambia," nikamjibu. Akauma mdomo.

"Kwa nini tano?" Katibu akauliza.

Nikamweleza anavyoelezwa mtu ambaye hajawahi kuchunga. Mfugaji haachi dawa kwenye chupa iliyokwisha kutobolewa. Hatuna friji. Joto la huku linaiharibu, wiki ijayo utachoma sumu. Kwa hiyo chupa ikitobolewa inamalizwa siku hiyohiyo, na kinachobaki anapewa mnyama unayempenda kuliko wote, yule unayemtegemea kwa mbegu. Baba yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na baba yake.

"Kilichobaki nilikuwa nampa Mbuke," nikasema. "Paja hili na paja hili. Kwa sababu ni mwanangu. Nilimpendelea."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikakaa chini bila kuambiwa. Wiki nane nimewaandikia hapa nikiwalaumu wakubwa, na sifuti hata herufi moja. Ila mili nne za juu hazikutoka kwa mkubwa yeyote. Zilitoka kwenye upendo wangu wa kichungaji.

Katibu aliandika yote. Halafu akasimamisha kalamu, akakunja uso kama mtu anayerudia hesabu.

"Chupa ina mili ngapi?"

"Kumi."

"Mwanao tano. Na tano nyingine?"

Edson akasimama ghafla, soda ikamwagika mezani. "Katibu, hayo ya chupa si muhimu. Mzee amekubali, asaini tumalize."

"Kaa, Edson. Tano nyingine uliuza, mzee?"

Hapa ndugu zangu naomba radhi. Jambo hili nimewaficha tangu sehemu ya kwanza, kwa aibu. Mbuke hakuwa peke yake. Kila Ijumaa jioni kabla ya mazoezi walikusanyika uani kwangu sita pamoja naye, wakijipanga ukutani, wakicheka, wakivutana jezi. Niliwachoma wote. Wenzake niliwapa moja moja kama nilivyoelekezwa.

"Kuna wengine watano," nikasema.

Macho ya Katibu yakawaka. "Watano! Taja. Taja wote, nikuandikie. Kila jina ni shitaka lake."

"Katibu, nakuomba," Edson akasema, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Nimesema kaa! Taja, mzee."

"Noela wa fundi Thobias."

Akaandika.

"Kabula, wa kule kwenye mashine ya kusaga. Minza, mdogo wake. Holo, yule anayedaka."

Akaandika akinitingishia kichwa, kama mwalimu aliyempata mwizi wa chaki.

"Wa tano ni mdogo kuliko wote. Ana miaka kumi na tatu, jezi inamfika magotini. Suzana. Wa kwa Bibi Martina."

Kalamu ikasimama.

"Martina yupi?"

"Muuza dagaa, kona ya soko la Katoro. Bibi mmoja anayejisifu kwamba mwanawe ni bosi Geita, ila hajaja kumsalimia tangu Pasaka."

Katibu Eliya akalegeza tai. Akamgeukia Edson taratibu, na Edson alikuwa ameshautazama mlango.

"Ulijua," Katibu akasema. "Ulijua Suzana ni wangu."

"Nilitaka kukuambia, bosi. Alikuwa anaomba mwenyewe, anataka kuwa kama Mbuke..."

"Ulijua, ukaja hapa ukanywa soda yangu!"

Ile karatasi ya makosa yangu akaichana mara mbili, vipande vikarushwa na feni ofisi nzima. Sikufurahi. Huyu hakuichana kwa ajili ya Mbuke wala Kabula wala Minza. Watoto wa watu ni mashitaka, wa kwake ndiye mtoto. Lakini nilikuwa sina muda wa kumchukia, maana alikuwa ameniinamia usoni.

"Mzee, leo ni Ijumaa. Wewe uko hapa. Leo anachoma nani?"

Sote wawili tukamtazama Edson.

"Chupa ya leo iko wapi?" nikamwuliza.

Edson akajifuta jasho kwa mkono wenye soda. "Nilimpa Mbuke tangu asubuhi. Kubwa, ile ya mili hamsini. Alisema ameshakuona mara nyingi, atawachoma yeye."

Mili hamsini, na Mbuke ameniona nikimaliza chupa kila Ijumaa. Nikapiga simu kwa dada yangu, nikaiweka mezani itoe sauti.

"Agnetha! Mbuke yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Usinifokee! Mtoto alilia, akasema anakwenda kuwaaga wenzake kabla ya hospitali. Nikasema aende."

"Peke yake?"

"Hapana. Kuna katoto kalimpitia hapa, kembamba, jezi mpaka magotini. Wameondoka wameshikana mikono."

Nilipoinua kichwa kiti cha Katibu kilikuwa kinazunguka kitupu, na nje gari lilishawashwa.